Nani Anaweza Kumrudisha Mgonjwa Dodoma?

Mtoto yuko London au Muscat, mama yuko Kondoa. Nauli na hela ya vipimo zimetumwa kwa simu jana, leo jioni unaingia ujumbe mfupi: "Wamenirudisha." Hapo ndipo ugomvi wa kifamilia unapoanzia. Nani kamrudisha, na amepata wapi haki hiyo?

Mara nyingi si daktari. Mgonjwa wa kanda ya kati hukwama dirishani, kabla hajauona hata mlango wa daktari. Hana barua ya rufaa, au kadi ya bima imekataa, au amekuja siku ambayo si ya kliniki yake.

Hilo la siku ya kliniki linawachanganya sana walioko nje, maana wamezoea kupewa saa. Katika hospitali kubwa za Dodoma, kama ilivyo kwingine nchini, daktari bingwa huyohuyo anapita wodini, anaingia chumba cha upasuaji na pengine anafundisha wanafunzi. Kwa hiyo wagonjwa wa nje hutengewa siku zao: macho na siku yake, mifupa na siku yake, kisukari na siku yake. Mgonjwa anaandikiwa tarehe ya kurudi, basi. Walioandikiwa Jumanne moja hufika alfajiri na kukaa kwenye foleni, na wa mwisho wao huenda akatoka alasiri. Kwa mkazi wa Area C au Kisasa, hapohapo mjini, huo ni usumbufu tu. Anayetoka Kondoa amesafiri kilomita 160 hivi, na wa Singida zaidi ya 200. Hao wanatafuta pa kulala mjini, na wakiikosa siku hiyo wanasubiri kliniki nyingine.

Kuna pia suala la ngazi. Safari ya mgonjwa inatakiwa ianzie zahanati au kituo cha afya, ipite hospitali ya wilaya, ifike hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ambayo wenyeji bado wanaiita General, na ndipo aende Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hospitali hiyo ilifunguliwa 2015 jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Ilianza kupandikiza figo 2018, na 2023 ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Zamani mgonjwa wa namna hiyo angepelekwa Muhimbili, kilomita 450 kutoka Dodoma, au nje ya nchi. Sifa hizo zimevuta watu, na wengi wanaruka ngazi na kwenda Mkapa moja kwa moja kwa ugonjwa ambao kituo cha afya cha jirani kingeumaliza. Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) asiye na rufaa anaweza kujikuta akiambiwa alipe taslimu au arudi alikotoka. Utaratibu wenyewe una mantiki. Kinachoudhi ni kwamba mtu wa dirishani anasema "rudi" bila kueleza arudi wapi, kwa nani, na achukue karatasi gani.

Dharura ni habari nyingine kabisa. Majeruhi wa bodaboda, mjamzito anayetoka damu, mtoto mwenye degedege: hao hawaulizwi rufaa wala kadi kwanza. Maadili ya udaktari yanataka waokolewe, bili ifuate. Hata fomu ya polisi, PF3, iliyowahi kuwakwamisha majeruhi wengi, haipaswi kutangulia matibabu. Wizara ya Afya imelisisitiza hilo mara nyingi. Kenya imeliandika kwenye Katiba yake ya 2010, ibara ya 43: mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Maandishi peke yake hayakutosha. Oktoba 2015 majeruhi mmoja alikaa takribani saa 18 ndani ya gari la wagonjwa jijini Nairobi akisubiri kitanda cha uangalizi maalumu, na baadaye akafariki.

Bima nayo inaweza kugeuka ukuta. Machi 1, 2024 NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wake, zikidai bei mpya hazilipi gharama. Huduma zilirejea baada ya siku chache, lakini wenye kadi walikuwa wameshaonja kurudishwa wakiwa na bima hai mkononi. Miezi michache kabla, Novemba 2023, Bunge hapohapo Dodoma lilikuwa limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Je, daktari mwenyewe anaweza kukataa? Ndiyo, kwa mipaka. Ugonjwa usio wa fani yake au usio na vifaa hapo alipo anapaswa kuuandikia rufaa. Mgonjwa anayetukana au kupiga watumishi anaweza kuondolewa, ilimradi hayuko katika hatari ya kufa. Lakini daktari hawezi kumkataa mtu kwa sababu anaishi na virusi vya Ukimwi. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inakataza ubaguzi huo. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa malipo katika vituo vya serikali, ingawa mzee asiye na kitambulisho chake hupata tabu kuuthibitisha.

Wasomaji walioko ughaibuni wasidhani hayo ni ya Dodoma tu. Uingereza watu hugombania simu ya daktari wao saa mbili asubuhi, na daktari huyo anaweza kumfuta mgonjwa kwenye orodha yake, kwa kawaida baada ya kumwonya kwanza. Marekani, sheria ya 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura kumpima na kumtuliza kila anayefika, awe na pesa au asiwe nazo. Miadi ya kawaida haimo katika sheria hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma nauli, mpigie aliyeko nyumbani akuambie kliniki ya mama ni siku gani, rufaa yake imeandikwa na hospitali ipi, na kadi yake iko hai au imeisha. Akirudishwa bila maelezo, aombe kumwona msimamizi wa zamu, au apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Mjamzito au mama wa kichanga aliyekwama kijijini apige 115 aletewe usafiri wa dharura.