Pasi ya Mchezaji wa Makambako

Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ikashuka msimu huohuo pamoja na Majimaji ya Songea. Bao la Ibrahim Ajib wa Yanga pale uwanja wa Sabasaba, Njombe, Septemba 2017, bado linasimuliwa. Lakini muulize mtu akutajie vijana wa Njombe Mji waliokuwa uwanjani siku ile, na walilelewa na timu gani. Hapo ndipo hadithi hukatika.

Kwingine kumbukumbu hazikatiki. Nchini Italia, mchezaji wa Serie C, daraja la tatu, wa miaka ya 1950 anafuatilika mpaka leo: timu, msimu, mechi, mabao. Tatizo lake lilikuwa jingine. Klabu ilimmiliki; hata mkataba ukiisha hakuweza kuhama bila klabu kuridhia. Sheria namba 91 ya mwaka 1981 ndiyo iliyokuja kukifuta kifungo hicho kwa wachezaji wa kulipwa.

Kijana wa Makambako, mkoani Njombe, hana kifungo wala kumbukumbu. Jumamosi yuko kombe la mbuzi Ilembula, Jumapili amechukuliwa mamluki Mafinga. Mji wenyewe uko njia panda, magari ya Mbeya, Iringa na Songea yote yanapita. Orodha ya timu huandikwa kwenye karatasi ya daftari: namba 7 "Okwi", namba 10 "Chuma", majina ya utani matupu. Filimbi ya mwisho ikilia, karatasi hufungiwa karanga.

Karatasi hiyo ni pesa. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule wa 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, baada ya hapo ni 0.5. Tuchukue ada ya shilingi milioni 400: klabu iliyokaa naye tangu 12 hadi 17 ina asilimia 2, yaani milioni 8. Kwa timu ya daraja la chini hizo si hela za soda.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia chombo cha FIFA kilichoko Paris, nacho husoma pasi ya mchezaji, yaani historia ya usajili wake kwenye mfumo wa shirikisho la soka la nchi. Klabu iliyomfundisha miaka sita bila kumsajili haimo. Kituo cha soka kisicho mwanachama wa shirikisho hakimo pia, hata kama mtaa mzima utashuhudia.

Mgao huo hauhusiki kijana akitoka Makambako kwenda Simba, kwa sababu hajavuka mpaka. Hapo klabu ijitetee kwenye mkataba: idai asilimia ya mauzo yajayo, kwa maandishi, kabla kijana hajapanda basi.