Umeme na Habari katika Waya Mmoja

Leo somo letu ni juu ya waya mmoja mwembamba unaobeba mizigo miwili.

Tuanze na redio. Ifungue mgongoni utazame. Kama ina betri ndogo 4, kila moja ni ya volti 1.5, na zikipangwa moja nyuma ya nyingine huwa volti 6. Volti ni msukumo wa umeme. Fikiri tangi la maji: ukiliinua juu zaidi, maji hushuka kwa nguvu zaidi. Kiasi cha umeme kinachopita katika waya hupimwa kwa ampea. Sasa andika hesabu hii: volti mara ampea ni wati. Tutaihitaji sasa hivi.

Tuseme kuna zahanati katika kitongoji kimoja cha Handeni ambacho hakijafikiwa na nguzo za umeme. Kituo cha umeme cha Hale, wilaya ya Korogwe, kilifunguliwa mwaka 1964, lakini kuwa jirani na mtambo si kuwa na waya nyumbani. Zahanati ina paneli ya jua na betri moja ya volti 12. Muuguzi anataka intaneti ili apeleke taarifa na kuagiza dawa. Chombo cha kuipokea kimefungwa juu ya mlingoti kilimani, mita 100 kutoka kwenye betri, kwa maana chini bondeni mnara hauonekani. Chombo hicho kinakula wati 6.

Je, umeme utakifikiaje? Waya wa mtandao, ambao mafundi huuita waya wa Ithaneti, una nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili. Waya huo huo unaoleta habari unaweza pia kupeleka umeme. Jambo hili si geni. Simu za mezani za zamani zilipata umeme wa volti 48 kutoka betri za kituo cha simu, kwa nyuzi zile zile zilizobeba sauti. Ndiyo sababu taa za mji zilipozimika, simu iliendelea kulia. Mwaka 2003 wahandisi walitoa kanuni ya kufanya vivyo hivyo kwa waya wa mtandao, nao wakachagua volti zinazokaribia zile zile 48.

Kwa nini wasichague 12? Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Chukua kalamu.

Waya wowote hupinga umeme kidogo. Tukitumia nyuzi 4, mbili za kwenda na mbili za kurudi, waya wa kawaida wa shaba wa mita 100 una upinzani wa omu 9.4 hivi. Wati 6 kwa volti 12 ni ampea 0.5. Zidisha 0.5 kwa 9.4: volti 4.7 zimepotea njiani! Zinazofika kilimani ni 7.3, na 7.3 mara 0.5 ni wati 3.65 tu. Chombo kinataka 6. Hakitafanya kazi, na fundi atalaumiwa bure kwamba ameuza chombo kibovu.

Sasa weka karibu na betri kisanduku cha kupandisha volti kutoka 12 hadi 48. Wati 6 kwa volti 48 ni ampea 0.125. Mara 9.4 ni volti 1.2 hivi. Zimebaki karibu 47. Chombo kinachokubali volti hizo kitawaka bila taabu.

Wako wanaonunua inveta, wakageuza volti 12 kuwa 230 kama za mjini, kisha wakazishusha tena kwa adapta. Huko ni kwenda Tanga kwa kupitia Moshi. Inveta yenyewe inakula umeme hata isipofanya kazi. Tuseme inakula wati 10. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini inafaa kutumia nusu yake, yaani 600, isije ikafa mapema. Chombo cha wati 6 peke yake kitakula 144 kwa siku: siku 4 na zaidi. Ukiongeza inveta ni 384: siku moja na nusu tu. Wakati wa masika, jua likifichwa siku 3, tofauti hiyo ndiyo dawa iliyoagizwa au isiyoagizwa.

Ukienda dukani Korogwe, uliza mambo mawili. Kwanza, waya ni wa shaba tupu? Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, nayo inapoteza umeme zaidi. Pili, kisanduku kinapiga hodi? Kile kinachofuata kanuni ya 2003 hutoa kwanza umeme kidogo sana, husubiri kuitikiwa na chombo, ndipo kikatoa volti 48. Kingine huingia bila hodi. Ukikiunganisha na chombo cha volti 24, utasikia harufu ya kuungua kabla hujashuka mlingotini.

Usisahau fyuzi karibu na betri. Volti 12 hazikurushi, lakini nyaya zikigusana zinaweza kuwasha paa la makuti.

Hesabu ya nyumbani: shule ina betri ya volti 12, ampea-saa 50, na chombo cha wati 10. Ukitumia nusu ya betri, bila jua, chombo kitafanya kazi saa ngapi? Mwonyeshe mwalimu wako jibu kabla ya somo lijalo. Kwaherini.