Plagiarise: Soo ya Kitambo Sana

Kama ushawahi kula doo ya academic writing huko Roysambu ama Kahawa Wendani, plagiarise ni word unajua vile makanga anajua karao. Oda inaland saa nane usiku, klayenti wa Marekani anataka peji sita kufika asubuhi, na kwa maagizo amebonda herufi kubwa: usi-plagiarise. Manze! Msee ananunua esei mzima, ataweka jina yake hapo juu, alafu wewe ndio unaonywa usiibe.

Hiyo word ni ya Waroma. Plagiarius hakuwa mtu wa kukopi vitabu, alikuwa mtekaji. Kazi yake ni kunyakua watu huru ama watumwa wa wenyewe, anaenda anawauza. Kulikuwa hadi na sheria ya kuwabana hao watekaji, Lex Fabia.

Sasa mwaka wa 86 BK hivi, kuna mshairi anaitwa Martial, morio wa Uhispania aliyekam kusaka Roma. Akapata rada ati jamaa flani, Fidentinus, anasimama mbele ya watu anawasomea mashairi za Martial kama zake. Kopiraiti haikuwa, so angeshtaki wapi? Akaamua kumchoma kwa mistari: hizi mashairi ni kama watumwa nishawaachilia, na huyu boy amewateka. Tusi la wauza watu likakwama kwa wezi wa maneno. Huyo Fidentinus, hadi wa leo, tunamjua kwa hiyo aibu tu.

Waingereza walikuja kuidaka hiyo word enzi za Shakespeare. Kufikia 1601, mwandishi Ben Jonson alikuwa ashaiweka kwa drama. Kusema plagiarise kama kitenzi ilikuja baadaye.

Lakini penye Martial alinibamba ni dili alimpea mwizi. Ukisema ni zangu, nakutumia bure. Ukitaka ziitwe zako, nunua.

Hiyo si ndio biashara ya mtaa? Cheki filamu ya 2024, The Shadow Scholars, Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, akibonga na hawa waandikaji wa hapa. Programu za kunusa kopi zinatoka bila, juu kazi ni fresh, hakuna mahali imetolewa. Chuo bado itasema ni kucheat, na ni ukweli. Lakini Martial angeuliza swali ingine: bei ya jina ni ngapi? Juu saa hii klayenti analipia peji pekee, jina anabeba sare.