Slaidi Moja, Ujumbe Mmoja

Chanji, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, ipo katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Mtoto aletwapo akikohoa, mhudumu wa afya hana budi kukumbuka namba mbili zinazoashiria nimonia: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Mara nyingi namba hizo hufundishwa kwa slaidi iliyojaa aya, ambayo mkufunzi huisoma neno kwa neno. Tafiti za mwanasaikolojia Richard Mayer wa Marekani zimeonyesha kuwa picha na maelezo ya mdomo hufundisha vizuri zaidi kuliko yakiongezewa maandishi yaleyale.

Slaidi ya nimonia, basi, itoshelezwe na namba hizo mbili kwa tarakimu kubwa, pamoja na picha ya kifua kinachobonyea mtoto avutapo pumzi. Picha hiyohiyo ikibandikwa kliniki, humsaidia mzazi kutambua hatari mapema. Dozi za dawa na taratibu za rufaa ziandikwe kwenye karatasi ya kubaki nayo, kwani dozi haikisiwi.

Mwishoni projekta izimwe, washiriki waulizwe namba zile. Wakizitaja bila kusita, slaidi imetimiza kazi yake.