Jinsi Chanzo cha Ugonjwa Kinavyotafutwa: Mfano wa Uvimbe wa Burkitt

Daktari akiletewa mgonjwa hutaka kujua mtu huyo anaugua nini na atatibiwaje. Mtafiti wa epidemiolojia, yaani elimu ya maenezi ya magonjwa, huuliza swali la namna nyingine: kwa nini ugonjwa huu umewapata watu hawa na kuwaacha wale? Swali hilo halijibiki kwa kumchunguza mgonjwa mmoja, hata akichunguzwa kwa vyombo bora kuliko vyote. Lazima wagonjwa walinganishwe na wasio wagonjwa. Namna ulinganisho huo unavyofanywa, na namna unavyoweza kupotosha, huonekana vema katika historia ya kansa moja ya watoto iliyochunguzwa sana Afrika Mashariki.

Ramani ya ugonjwa

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya za juu na za chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Alipopekua kumbukumbu za hospitali alikuta habari za watoto wengine wengi, baadhi yao wakiwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 aliutangaza ugonjwa huo katika jarida la madaktari wa upasuaji.

Hatua iliyofuata haikuhitaji maabara. Burkitt alipeleka karatasi zenye picha za ugonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama watoto wa namna hiyo wamepata kuonekana huko. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walianza safari ya gari iliyochukua wiki kumi. Walisafiri kilometa zipatazo 16,000, wakafika hadi Afrika Kusini, na kuzuru zaidi ya hospitali 50.

Majibu yalipotiwa katika ramani, ugonjwa ulionekana kuenea katika ukanda unaopita katikati ya Afrika, wenye mkia ulioshuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Karibu na Ikweta haukuonekana sana katika nchi za juu kuliko meta 1,500 hivi, na kadiri watafiti walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Kwa hiyo kilichohusika hakikuwa mwinuko wenyewe, bali joto na mvua. Ugonjwa ulikuwa haba mahali penye baridi ya chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, na pale ambapo mvua ya mwaka haifikii milimeta 500. Hayo ndiyo mazingira yanayowafaa mbu wengi, na hapo dhana ikazaliwa kwamba mbu wanahusika.

Hata hivyo ramani huzaa dhana tu; haithibitishi. Nchi ya joto hutofautiana na nchi ya baridi kwa mambo mengi mbali na mbu: mazao, vyakula, nyumba na maji. Lolote kati ya hayo lingeweza kufuata mipaka ile ile.

Kirusi kinachopatikana kwa kila mtu

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kwa darubini ya elektroni kirusi kipya ndani ya chembe za uvimbe huo. Ingeweza kudhaniwa kwamba chanzo kimepatikana. Lakini wazima walipopimwa ilidhihirika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamekwisha kuambukizwa kirusi hicho, ambacho huenezwa zaidi kwa mate. Wengi mno hawapati kansa kamwe. Kama wangalipimwa wagonjwa peke yao, jambo hilo lisingalijulikana.

Palikuwa na tatizo jingine. Damu ya mgonjwa hupimwa baada ya ugonjwa kuanza. Ikionekana ina kingamwili nyingi, yaani protini ambazo mwili huziunda kupambana na maambukizo, nani atajua kipi kilitangulia, maambukizo makali au uvimbe?

Kuwafuata wazima

Njia ya kulitatua ni kuwachunguza watu kabla hawajaugua na kuwangojea. Kati ya mwaka 1972 na 1974, damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa katika wilaya ya West Nile nchini Uganda. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1978 yalihusu watoto 14 tu waliokuwa wameugua. Idadi hiyo ndogo yaonyesha kwa nini utafiti wa ugonjwa adimu huhitaji watu wengi namna hiyo. Damu yao ya zamani ililinganishwa na ya wenzao wazima wa umri, jinsi na eneo lile lile. Ilikutwa kwamba wale waliougua walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya kirusi hicho miezi mingi, hata miaka, kabla uvimbe haujatokea. Hivyo swali la kipi kilitangulia likapata jibu.

Jaribio la Mara

Lakini kirusi kipo kila mahali, na ugonjwa haupo kila mahali. Lazima pawe na jambo la pili, na lililotuhumiwa zaidi ni malaria. Tangu mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka kumi katika eneo la Mara Kaskazini, Tanzania, walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi. Kama malaria ilichangia, kansa ingepungua.

Kweli ilipungua, na dawa iliposimamishwa ikaongezeka tena. Hata hivyo watafiti hawakusema kwamba wamethibitisha. Walipoangalia hesabu za miaka iliyotangulia waliona kwamba kansa ilikwisha kuanza kushuka kabla ya kidonge cha kwanza kutolewa. Tena malaria yenyewe, baada ya kupungua mwanzoni, ilianza kurudi wakati dawa zingali zikigawiwa. Kulinganisha mahali pamoja kabla na baada ya dawa hakutoshi, kwa maana magonjwa hupanda na kushuka kwa sababu nyingine pia.

Ushahidi mwingine uliendelea kukusanywa. Mwaka 2012 jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa liliamua kwamba malaria, katika maeneo yenye maambukizo makali ya kudumu, yaelekea kuwa inachangia kansa hiyo. Neno "yaelekea" limepimwa: linaeleza kiasi cha ushahidi uliopo, bila kuzidisha.

Mwanafunzi akiambiwa kwamba kati ya wagonjwa kumi, tisa walikunywa maji ya kisima fulani, asikimbilie kukilaumu kisima. Aulize kwanza: kati ya wazima kumi wa kijiji kile kile, ni wangapi waliokunywa maji hayo hayo?