Simba ilikuwa na fainali, milango ilikuwa ya wengine

MABAO mawili ndani ya dakika 14 za kwanza kule Morocco ndiyo yaliyoizamisha Simba kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025. Hilo halina ubishi. RS Berkane ilishinda 2-0 nyumbani Mei 17, ikaja Zanzibar Mei 25 kulinda mzigo wake na ikaondoka na sare ya 1-1 iliyotosha kuipa kombe kwa jumla ya 3-1.

Lakini mbali na matokeo, fainali ile ilikuwa pia biashara. Na kwenye biashara, Mnyama alianza kupoteza hata kabla ya filimbi ya kwanza.

Ilikuwa mechi kubwa zaidi kwa Wekundu wa Msimbazi ndani ya miaka 32, tangu fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993 waliyopoteza jijini Dar es Salaam mbele ya Stella ya Ivory Coast. Ukiwa na mechi ya aina hiyo unataka uwanja mkubwa. Simba ilikuwa inaisubiri Kwa Mkapa, kwenye viti 60,000. CAF haikuridhishwa na hali ya eneo la kuchezea, mechi ikavuka maji hadi Uwanja wa New Amaan, Unguja, unaoingiza takribani watu 15,000.

Piga hesabu ya kawaida tu ya mtaani. Tuchukulie kila shabiki analipa Sh10,000. Mkapa ukijaa, milangoni unapata Sh600 milioni. Amaan ukijaa, unapata Sh150 milioni. Hapo hujatoa kodi, gharama za uwanja na makato mengine. Unaweza kupandisha bei ya tiketi Amaan kwa kuwa viti ni vichache, ila huwezi kuipandisha mara nne halafu ukategemea yule shabiki wa Mbagala au Manzese, ambaye pia anatakiwa kulipa nauli ya boti, aje.

Ni kweli, mshindi wa pili hakutoka mikono mitupu. CAF ilimpa Dola 1 milioni, ambazo kwa wakati ule zilikuwa zaidi ya Sh2.6 bilioni. Bingwa alibeba Dola 2 milioni. Mbele ya fedha hizo, za mlangoni zinaweza kuonekana za soda. Tofauti ni kwamba zawadi ya CAF haina uhakika. Mwaka huu unacheza fainali, mwakani unatolewa raundi ya kwanza. Fedha za mlangoni ndizo klabu yenye mashabiki inaweza kuzipanga mapema, ili mradi ijue itacheza wapi.

Na mashabiki Simba inao. Ushahidi ni Simba Day, tamasha lililoanza mwaka 2009 na kufanyika kila mwaka. Siku ile hakuna pointi wala kombe. Kuna utambulisho wa wachezaji, muziki na mechi ya kirafiki, lakini watu wanajaza Mkapa na jezi mpya zinauzwa kama njugu. Klabu inayojaza uwanja kwa mechi ya kirafiki haina tatizo la soko.

Wadhamini wameliona hilo. Mwaka 2022 Simba ilisaini mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya Sh26.1 bilioni na M-Bet. Mwaka uliotangulia, Azam Media iliweka Sh225.6 bilioni kwa miaka 10 kununua haki za matangazo ya Ligi Kuu, fedha ambazo klabu zote zinagawana. Kwa upande wa jezi na udhamini, Mnyama siyo maskini.

Kinachokosekana ni mlango. Mkapa ni mali ya Serikali ya Muungano, Amaan ni ya Serikali ya Zanzibar, na uwanja wa KMC pale Mwenge una mwenyewe. Simba ina kiwanja cha mazoezi Bunju, lakini siyo mahali pa kumleta Berkane. Mwenye uwanja akianza ukarabati au nyasi zikikataa, mpangaji anafungasha virago. Tatizo hili ni la watani wao Yanga pia. Wao walibahatika kucheza mechi yao ya nyumbani ya fainali ya mwaka 2023 dhidi ya USM Alger palepale Mkapa, lakini nao walikuwa wapangaji.

Wapo watakaosema mbona Al Ahly, klabu yenye makombe mengi kuliko zote Afrika, inacheza mechi kubwa kwenye uwanja wa serikali pale Cairo na bado ni tajiri. Hoja ina uzito. Uwanja peke yake hautajirishi klabu. Azam FC inao wake Chamazi, unaochukua watu 10,000, lakini haina umati wa Simba wala Yanga. Ukiwa na uwanja bila watu umepata gharama ya kukata nyasi na kulipa walinzi.

Ila Simba iko upande wa pili wa hesabu hiyo. Watu wapo tayari. Na siyo lazima ijenge uwanja wa 60,000 kesho asubuhi. Uwanja wa kawaida pale Bunju unaweza kubeba mechi nyingi za ligi, ukawa na duka la jezi, vyumba vya wageni wanaolipa zaidi na mabango ambayo klabu inayauza yenyewe. Mkapa ukabaki kwa ajili ya Kariakoo Dabi na usiku mkubwa wa Afrika.

Wakati hilo linasubiriwa, lipo la kufanya sasa. Klabu zinazojaza Mkapa zina haki ya kukaa mezani na mwenye uwanja na kukubaliana mapema ukarabati unafanyika lini, nani anatunza nyasi na nani anabeba hasara mechi ikihamishwa. Mpangaji anayeleta watu 60,000 siyo wa kupewa taarifa dakika za mwisho.

Berkane walibeba kombe kwa sababu walicheza vizuri zaidi katika dakika 180. Hilo Simba inaweza kulirekebisha kwa usajili na mazoezi. La milango halisajiliwi dirisha kubwa wala dogo. Ni la viongozi, na fainali nyingine ikija, mashabiki hawatauliza straika tu, watauliza pia tunacheza wapi.