Usipoipa ukweli itakutungia: Jinsi ya kuiagiza akili unde iandikie tovuti

MTU anayevuka Mto Nairobi kutoka katikati ya jiji kuelekea Ngara hulakiwa kwanza na sauti. Wachuuzi wa nguo na viatu vya mitumba hunadi bidhaa zao, nao makanga wa matatu huwaita abiria. Katika vyumba vya kupanga vilivyo hatua chache kutoka hapo, mna biashara nyingine isiyopigiwa kelele: kuandika makala za tovuti na blogu kwa malipo.

Kwa miaka mingi vijana wa Nairobi, wakiwemo wanafunzi na wahitimu wa vyuo vikuu, wamekuwa wakiwaandikia wateja wa hapa nchini na wa ng'ambo. Hulipwa kwa idadi ya kurasa au maneno. Serikali nayo imekuwa ikiwahimiza vijana kutafuta riziki mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital.

Mambo yalianza kubadilika Novemba 30, 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipozindua ChatGPT, programu ya akili unde inayozungumza na mtu kwa maandishi. Kufikia mwaka wa 2023, vyombo vya habari vilikuwa vikiripoti kwamba waandishi wa mtandaoni nchini Kenya walikuwa wakipungukiwa na kazi, kwa kuwa baadhi ya wateja wao walikuwa wameanza kuiagiza mashine iwaandikie.

Baadhi ya waandishi nao wameigeukia mashine hiyo hiyo. Hapo ndipo linapozuka swali zito: ikiwa mteja aweza kuiagiza mwenyewe, kwa nini amlipe mtu mwingine? Jibu limo katika agizo lenyewe, yaani maneno ambayo mtu huyaandika ili programu impe jibu.

Mashine inavyofanya kazi

Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, haina kabati la ukweli inamofungua na kuchomoa jibu. Programu za aina hii zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia ni kipande gani cha neno kinachoelekea kufuata vile vilivyotangulia. Hukisia kimoja, kisha kingine, hadi aya ikamilike.

Kwa sababu hiyo, lugha yake huwa laini hata pale ambapo habari zake si za kweli. Inapokosa jambo la kusema, aghalabu haisiti; hujaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Siku hizi baadhi ya programu hizo huweza kupekua intaneti kabla ya kujibu. Hata hivyo, kupekua si kuthibitisha, na kilichopekuliwa huenda chenyewe kina makosa.

Chukua mfano wa Ngara. Anayeijua mitaa hiyo anafahamu kwamba ukumbi unaoitwa Sarakasi Dome ndiyo iliyokuwa sinema ya Shan. Anajua pia kwamba Barabara ya Profesa Wangari Maathai ndiyo iliyokuwa Forest Road, na kwamba wapo wakazi ambao hadi leo huitaja kwa jina la zamani. Mwandishi asiyeiambia mashine mambo kama hayo asishangae ikimletea ukurasa unaosema kuwa Ngara ni "mtaa wenye shughuli nyingi na historia tajiri". Maneno hayo yaweza kubandikwa kwenye mtaa wowote duniani.

Agizo bovu na agizo jema

Tuseme mwenye duka la viatu vya mitumba huko Ngara anataka ukurasa wa tovuti. Mwandishi mvivu ataagiza hivi: "Niandikie makala kuhusu viatu vya mitumba Ngara." Agizo hilo halisemi msomaji ni nani, duka linauza nini, wala makala iwe ndefu kiasi gani. Mashine italazimika kubuni, na kwa mwenye duka ubunifu huo ni hatari. Ikitaja bei isiyokuwepo, mteja atakuja na karatasi mkononi akiidai.

Agizo lenye manufaa huwa na mambo matano: kazi inayotakiwa, msomaji anayelengwa, habari za kutumia, mipaka, na mtindo wa lugha. Linaweza kuwa hivi:

"Andika maelezo ya maneno 300 kwa tovuti ya duka la viatu vya mitumba lililo Ngara. Wasomaji ni wazazi wanaotafuta viatu vya shule. Tumia habari hizi pekee: duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Jumapili, lina viatu vya nambari 28 hadi 38, mteja anaweza kubadilisha kiatu katika muda wa siku 3. Usitaje bei. Usiongeze jambo lolote nisilokupa. Mahali ambapo habari inakosekana, andika ULIZA MWENYE DUKA. Tumia Kiswahili sanifu na sentensi fupi."

Sehemu kubwa ya agizo hilo si ufundi wa kompyuta. Ni habari ambazo mtu amezitafuta kwa miguu yake, kwa kufika dukani na kuuliza. Kifungu cha ULIZA MWENYE DUKA nacho kina kazi maalumu. Kinaipa mashine njia ya kukiri upungufu badala ya kuuficha.

Ikiwa mwandishi hajui aanzie wapi, anaweza kuigeuza kazi. Aiambie mashine: "Kabla ya kuandika, niulize maswali 10 ambayo majibu yake yatakusaidia kueleza duka hili." Kisha ayachukue maswali hayo hadi kwa mwenye duka. Kwa makala ndefu, ni vyema kuomba muhtasari kwanza, kuurekebisha, halafu kuagiza sehemu moja baada ya nyingine.

Makala ikishapatikana, lifuate agizo la ukaguzi: "Orodhesha kila dai lililomo katika makala hii, na mbele ya kila dai uonyeshe sentensi ya maelezo yangu lilikotoka." Dai lisilo na chanzo lifutwe au lithibitishwe. Hata orodha hiyo isiaminiwe kwa macho mafumbo, kwa kuwa imetungwa na mashine ile ile. Mwandishi hana budi kuisoma mwenyewe, mstari kwa mstari.

Walioumbuka

Wapo waliopuuza hatua hiyo wakaumbuka mbele ya dunia nzima. Tovuti ya CNET ya Marekani ilianza mnamo Novemba 2022 kuchapisha makala za masuala ya fedha zilizoandikwa kwa msaada wa programu. Makosa yalipogunduliwa Januari 2023, ilikagua makala 77 na kuzifanyia masahihisho 41.

Moja ya makala hizo ilieleza kwamba mtu akiweka akiba ya dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, atachuma dola 10,300 mwaka wa kwanza. Ukweli ni kwamba atachuma dola 300. Sentensi ilikuwa imenyooka kisarufi, ila hesabu ilikuwa imepinda.

Mnamo Juni 2023, mahakama jijini New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilishwa hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Kesi hizo zilikuwa zimebuniwa na ChatGPT.

Mei 2025 likawa zamu ya gazeti la Chicago Sun-Times. Toleo lake maalumu, lililoandaliwa na kampuni ya nje, lilikuwa na orodha ya vitabu 15 vya kusomwa wakati wa kiangazi. Vitabu 5 tu ndivyo vilivyokuwa vya kweli. Vingine vilikuwa majina matupu yaliyobandikwa waandishi mashuhuri, na mwandishi wa orodha hiyo alikiri kwamba alitumia akili unde bila kuhakiki.

Katika visa vyote vitatu, aliyetajwa na kulaumiwa alikuwa mwanadamu au shirika lililoweka jina lake. Hakuna aliyeipeleka mashine mahakamani kujitetea.

Kiswahili cha mashine

Mwandishi wa Kiswahili ana mzigo wa ziada. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyotumiwa kuzifunza programu hizi ni ya Kiingereza, ilhali maandishi ya Kiswahili yaliyomo kwenye intaneti ni machache. Matokeo yake ni Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza: "mwisho wa siku" pasipo jua kutua, "kufanya tofauti" pasipo hesabu ya kutoa, na "kuchukua hatua inayofuata" pasipo safari yoyote.

Aidha, mashine huweza kuchanganya Kiswahili cha nchi mbili. Ukurasa wa duka la Ngara unaomwambia mteja apande daladala utamfanya ashuku kama mwandishi amewahi kufika Nairobi, mahali ambapo watu hupanda matatu. Tofauti hiyo haimo katika sarufi, imo katika maisha ya watu.

Njia moja ya kupunguza dosari hizo ni kuipa mashine kielelezo. Mwandishi aweke ndani ya agizo aya mbili au tatu alizoziandika mwenyewe na kuitaka ifuate mtindo wake. Ataje pia msamiati anaoutaka na ule asioutaka. Hata baada ya hapo, kuisoma makala kwa sauti kutamwonyesha mahali ambapo ulimi unajikwaa.

Sheria na mtambo wa kutafuta

Wapo wanaodhani kwamba kuagiza makala mia moja kwa siku ni njia ya mkato ya kufika juu katika matokeo ya Google. Kampuni hiyo ilieleza Februari 2023 kwamba inatazama ubora wa maandishi, wala si namna yalivyotayarishwa. Lakini Machi 2024 ilitangaza kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuhadaa mtambo wake wa kutafuta, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Tovuti inayokiuka kanuni hiyo yaweza kushushwa au kuondolewa kabisa.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inasema kwamba mwandishi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo iwepo. Maneno hayo yalitungwa miaka mingi kabla ya programu za leo, lakini yanamkumbusha mwagizaji kwamba kazi haiji bila mwenyewe.

Kuna pia suala la siri za watu. Kinachoandikwa ndani ya agizo huenda kwenye kompyuta za kampuni nyingine, aghalabu nje ya nchi. Mwandishi asiweke humo nambari za simu za wateja, vitambulisho wala habari za afya zao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeshughulikia habari za mtu binafsi kuwa na msingi wa kisheria wa kufanya hivyo.

Jasho lililofichika

Nairobi ilikuwa na mkono katika mashine hii hata kabla haijazinduliwa. Mnamo Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini walikuwa wameajiriwa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili programu za OpenAI zifunzwe kuyaepuka. Kwa mujibu wa jarida hilo, walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa.

Kwa hivyo, kijana wa Ngara anayeiogopa mashine anakabiliana na kitu ambacho wenzake wa jiji hilo hilo walisaidia kukifunza kwa ujira mdogo. Ana haki ya kuuliza atabaki na nini.

Kazi ya kuandika maneno mengi yasiyo na habari mpya haitarudi kwa mwanadamu, kwa kuwa mashine huifanya kwa sekunde chache. Kinachobaki ni kile ambacho mashine haina: kufika dukani, kumuuliza mwenye duka, kupima kiatu, kukumbuka jina la zamani la barabara, na kuweka jina lako chini ya ukweli huo. Mteja asiye na muda wa kufanya hayo ndiye atakayeendelea kulipa.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mwandishi aliyewahi kuumbuliwa na sentensi tamu isiyo na ukweli atalielewa hilo, na ataisoma makala mara moja zaidi kabla ya kuipeleka hewani.